Karibuni Barazani, Si Chumbani

Paukwa! Nasubiri pakawa yenu, na iwe ya nguvu, kwa sababu hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina binti wa miaka kumi na sita, ina bibi yake, ina sufuria la ubuyu na simu moja ya mama. Binti mwenyewe nimemtunga. Mambo yaliyomfika sikuyatunga: huwafika watu Unguja na Mombasa, Kampala na Bujumbura, na wengine wao ni vijana wa rika lenu.

Bibi wa binti huyu alipika ubuyu mwekundu wa Zanzibar, ule ambao ukiula, ulimi hubaki na rangi. Alichemsha sukari na maji mpaka ikaanza kunata, akatia iliki, pilipili manga kidogo, vanila na rangi, kisha akamimina ubuyu na kuugeuza kwa mwiko mpaka kila punje ikavaa sukari. Majirani walinunua wakasifu. Nje ya mtaa ule, hakuna aliyejua kwamba ubuyu huo upo.

"Bibi," binti akasema siku moja, "nipe ruhusa niutangaze ubuyu wako mtandaoni."

"Mjukuu wangu, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Ni kweli, Bibi. Lakini kizuri chajiuza kwa aliyekiona. Mtu aliyeko Dar es Salaam ataonaje sufuria lililo jikoni kwetu?"

Bibi aligeuza mwiko wake kimya, akafikiri. Kisha akasema, "Basi utoe barazani. Ila uishie hapo hapo barazani."

Wanangu, maneno hayo machache yamebeba karibu yote ninayotaka kuwaambia. Tuyafungue pamoja.

Nyumba na baraza lake

Tazameni nyumba za kale za pwani yetu. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu ukafuata mwaka 2001. Katika miji hiyo, mbele ya nyumba nyingi kuna baraza, yaani kiti kirefu cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta. Hapo mgeni huketi, muuza kahawa hupita na dele lake, mwenye bidhaa huzipanga, na habari za mji hupokewa. Huhitaji kubisha hodi ili ukae barazani.

Ndani ni jambo lingine. Katika nyumba za kale za Lamu, ukipita mlangoni hukutani na familia papo hapo. Njia hupinda kwanza, ili hata mlango ukiwa wazi, mpita njia aone ukuta tu. Waliojenga hivyo walipenda wageni, ndiyo maana wakawatengea mahali pao. Vilevile walipenda watoto wao, ndiyo maana wakawatengea mahali pengine.

Ukurasa wako wa WhatsApp, Instagram, Facebook au TikTok ni baraza. Yeyote anaweza kuketi hapo: mteja mwema, mwalimu wako, jamaa aliyeko Muscat au Toronto, na mwizi pia. Kwa hiyo kila unapotaka kuweka kitu, jiulize: hiki ni cha barazani au cha ndani?

Baraza ni la nani?

Jioni ile binti alimwendea mama yake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Una jambo?"

Alimweleza. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ukurasa tutaufungua, ila utakuwa kwa jina langu na kwa laini yangu. Wewe ndiye utakayeuendesha, mimi nitakuwa nyuma yako."

Binti alidhani ananyimwa kitu. Kumbe alikuwa anapewa kinga. Mitandao mingi mikubwa hairuhusu mtu wa chini ya miaka 13 kujiunga, na mpaka huo umetokana sana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayolinda taarifa za watoto mtandaoni. Kati ya miaka 13 na 18 bado unatazamwa kama kijana anayehitaji ulinzi zaidi. Mwaka 2024 Instagram ilianza kuwaweka watumiaji wa chini ya miaka 18 katika akaunti za vijana, ambazo kwa kawaida ni za faragha: asiyekubaliwa haoni kilichomo. Ni nzuri kwa maisha yako, lakini duka lisiloonekana haliuzi. Ndiyo maana duka la kijana lafaa liwe kwa jina la mtu mzima wa nyumbani, na akaunti ya kijana ibaki ya faragha, kwa rafiki zake anaowajua uso kwa uso.

Walichagua WhatsApp Business, programu iliyotolewa mwaka 2018 kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo. Ndani yake unaweza kupanga bidhaa kwa picha na bei, ukaandika saa za kazi, na ukaweka salamu inayojituma yenyewe mteja anapobisha wakati umelala au uko darasani. Jina la ukurasa walilitunga kwa neno ubuyu na jina la kisiwa. Hawakuweka jina la binti, mwaka wake wa kuzaliwa wala shule yake. Mteja wa ubuyu anahitaji kujua utamu, bei na namna ya kupata mzigo. Darasa la muuzaji halimhusu.

Mama aliongeza jambo moja ambalo wauzaji wengi hulisahau. Kwa kuwa laini ilisajiliwa kwa jina lake, anayelipa kwa simu angeona jina la mama. Basi wakaandika ukurasani namba ya kulipia na jina litakalotokea, na chini yake: hatuna namba nyingine. Walifanya hivyo kwa sababu kuna walaghai wanaonakili picha za ukurasa mzuri, wakafungua wa kwao unaofanana nao, wakaweka namba yao, na kula pesa za wateja wa mwenzao. Mteja aliyezoea jina moja na namba moja hushtuka akiona nyingine.

Picha inasema zaidi ya unavyodhani

Siku ya kwanza ya kupiga picha, binti aliweka bakuli la ubuyu karibu na dirisha. Mwanga wa asubuhi uliingia kwa upande, rangi ikang'aa, na picha ikatoka nzuri sana. Alipotaka kuituma, mama akamzuia. "Usitazame ubuyu. Tazama vingine vyote."

Binti akatazama. Ukutani nyuma ya bakuli ilining'inia sare yake ya shule, nembo ikisomeka vizuri. Mezani kulikuwa na kitambulisho cha mama. Nje ya dirisha lilionekana bango la duka la jirani lenye jina la mtaa. Picha moja ya ubuyu ilikuwa imetaja shule, mtu na mahali. Akatandika kanga safi nyuma ya bakuli, akapiga upya. Picha ya pili ilipendeza kuliko ya kwanza, kwa sababu jicho sasa lilikwenda moja kwa moja kwenye ubuyu.

Kuna kitu kingine katika picha ambacho macho hayakioni. Simu nyingi zinaweza kuandika ndani ya faili la picha tarehe, saa, na hata mahali ilipopigwa kwa vipimo vya ramani. Mwaka 2012 John McAfee, tajiri aliyepata umaarufu kwa programu ya kulinda kompyuta dhidi ya virusi, alikuwa amejificha kwa sababu polisi wa Belize walitaka kumhoji kuhusu kifo cha jirani yake. Waandishi wa jarida waliokuwa pamoja naye wakaweka picha yake mtandaoni. Ndani ya faili la picha ile mlikuwa na vipimo vya mahali, na ulimwengu ukajua kwamba yuko Guatemala. Mtu aliyejenga jina kwa kulinda kompyuta za wengine aliumbuliwa na picha moja.

Instagram na WhatsApp huondoa taarifa hizo unapotuma picha kwa njia ya kawaida. Lakini picha ikitumwa kama faili au hati, taarifa husafiri nayo. Fungua mipangilio ya kamera ya simu yako, tafuta sehemu ya mahali, uizime. Ni kazi ya dakika moja.

Onyesha kilicho chako

Binti alitaka kuukuza ukurasa haraka. Aliona kurasa nyingine zenye picha za ubuyu uliopangwa kwenye vyombo vya kioo, akataka kuzichukua azifanye zake. Bibi hakuruhusu. "Mtu atanunua kwa macho ya picha ile, halafu apokee kopo letu la plastiki. Atasema tumemdanganya, na atakuwa na haki."

Bibi hakuwahi kufungua akaunti yoyote, lakini alikuwa ametaja nguzo ya biashara yote ya mtandaoni. Mteja hakushiki mkono, hanusi iliki yako, haoni sufuria lako. Anatuma pesa kwa mtu asiyemjua kwa sababu amemwamini. Imani hiyo ndiyo mtaji wako wa kwanza, na ndiyo hiyo hiyo mwizi anayoitafuta.

Mfano mzuri wa kuonyesha kilicho chako ni Kili Paul, kijana Mtanzania wa jamii ya Wamasai. Yeye na dada yake Neema walijirekodi wakifuatisha kwa midomo nyimbo za filamu za Kihindi, wamevaa mavazi yao ya Kimasai, mahali penyewe ni mashambani kwao. Mwezi Februari 2022 Ubalozi wa India jijini Dar es Salaam ulimpa heshima, na mwezi huo huo Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, akawataja ndugu hao wawili katika hotuba yake ya redio. Hawakukodi studio wala kuazima maisha ya mtu mwingine. Watu waliwapenda walivyo.

Kwa hiyo binti alirekodi mikono ya bibi ikigeuza mwiko, baada ya kumwomba ruhusa. Uso wa bibi haukuonekana; bibi mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo. Sauti ya sukari ikichemka ilitosha. Video ile ilileta wateja kuliko picha zote.

Ruhusa hiyo ni haki ya kila mtu, mteja akiwamo. Mteja akikuandikia kwamba ubuyu ni mtamu, ukapiga skrinishoti ili uuonyeshe umma, ficha kwanza jina lake, namba yake na picha yake, au muombe. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Namba ya simu ya mteja na anwani yake amekupa ili umfikishie mzigo. Ukishamfikishia, kazi ya taarifa hizo imekwisha.

Mwizi anapobisha hodi

Wiki moja ukurasa ulipata oda kubwa. "Dada habari, nahitaji makopo ishirini ya sherehe. Nalipia sasa hivi." Haukupita muda, meseji ikaingia kwenye simu: pesa imepokelewa, na kiasi kilizidi bei kwa mbali. Kisha mteja akapiga simu, sauti ya mbio. "Dada samahani, nimeongeza sifuri. Nirudishie iliyozidi upesi, niko hospitali na mgonjwa."

Moyo wa binti ulimwonea huruma. Kidole chake kilikuwa tayari.

"Umeangalia salio?" mama akauliza.

"Mama, meseji hii hapa."

"Meseji si pesa, mwanangu. Angalia salio."

Wakaangalia. Salio lilikuwa lile lile la asubuhi. Meseji iliandikwa na mtu ikafananishwa na ya mtandao wa simu. Binti alipomwambia mteja kwamba hawajaona pesa, simu ikakatika.

Katika hila za walaghai karibu zote utakuta mambo matatu: haraka, siri, na ombi la kitu ambacho ni chako peke yako. Tanzania nzima inaifahamu meseji ya "ile pesa tuma kwenye namba hii", iliyotumwa kwa maelfu kwa matumaini kwamba mmoja kati yao ana deni la kulipa siku hiyo. Nyingine husema, "Nimekosea, namba ya uthibitisho yenye tarakimu sita imekuja kwako, nitumie." Namba hiyo ni ufunguo wa WhatsApp yako. Ukiitoa, mwizi anaingia kwa jina lako na kuanza kukopa pesa kwa wateja wako na shangazi zako. Nyingine hujifanya ofisi ya Instagram: ukurasa wako umevunja kanuni, bonyeza linki hii uandike neno lako la siri kabla haujafungwa. Linki hiyo hufungua ukurasa wa mwizi mwenyewe.

Msidhani wanaonaswa ni watu wa kijijini tu. Tarehe 15 Julai 2020 akaunti za Twitter za Barack Obama, Bill Gates na Elon Musk zilianza kuahidi kwamba anayetuma sarafu za bitcoin atarudishiwa mara mbili. Walaghai walikuwa wamewapigia simu wafanyakazi wa Twitter, wakajifanya watu wa idara ya kompyuta ya kampuni hiyo hiyo, na wakafunguliwa milango. Mmoja wa waliokamatwa alikuwa kijana wa miaka 17 wa Florida. Hapakuhitajika kuvunja kufuli. Waliongea na mtu, na mtu akaamini.

Kinga zipo, na hazina gharama. Washa uthibitishaji wa hatua mbili: kwenye WhatsApp utachagua namba ya siri ya tarakimu sita, na asiyeijua hawezi kuisajili kwa urahisi namba yako kwenye simu nyingine. Neno la siri liwe refu, na la kila akaunti liwe tofauti. Namba ya uthibitisho usimpe yeyote, hata akijitambulisha kama ofisi. Ukitaka kujua kama ujumbe kutoka mtandao fulani ni wa kweli, achana na linki, fungua programu yenyewe utazame. Tanzania, meseji ya kitapeli unaweza kuiripoti kwa mamlaka ya mawasiliano, TCRA, kupitia 15040, na kwa kupiga *106# utaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, ili ujue kama kuna laini usiyoitambua.

Mgeni anayetaka kuingia ndani

Sasa sogeeni karibu zaidi, kwa maana sehemu hii ina uzito kuliko pesa.

Mteja mmoja alinunua makopo mawili, akalipa vizuri. Akanunua tena. Akaanza kuuliza, "Wewe ndiye unayepika? Una miaka mingapi? Una sauti nzuri." Kisha, "Tuma picha yako, mimi napiga picha za matangazo, naweza kukufanya maarufu." Kisha, "Nije nichukue mzigo mwenyewe, ila uje peke yako. Usimwambie mama, atakataa."

Mtu wa aina hii hanunui ubuyu. Anapima hatua kwa hatua kama unaweza kutunza siri naye. Swali la umri si la barazani, picha yako si bidhaa, na mtu mzima mwenye nia njema hamwombi mtoto amfiche mzazi wake. Binti alimwonyesha mama mazungumzo yote. Mama hakumgombeza. Wakahifadhi skrinishoti, wakamfungia mtu yule, wakamripoti kwa WhatsApp.

Ikiwa umeshatuma picha, au umeshajibu, na sasa unatishwa, nisikilize vizuri: kosa ni la anayekutisha. Usilipe, usitume nyingine, usifute ushahidi. Mwambie mtu mzima unayemwamini siku hiyo hiyo. Kama nyumbani hakuna wa kumwambia, Tanzania, Kenya na Uganda zote zina namba 116 ya kuwasaidia watoto.

Kuhusu kukabidhi mizigo, nyumba ile iliweka utaratibu usiobadilika. Ya Dar es Salaam ilipelekwa bandarini na mjomba, isafirishwe kwa boti. Ya mjini ilikabidhiwa mchana, mahali penye watu, na binti hakwenda peke yake. Mteja hakuelekezwa nyumbani hata mara moja. Waaminifu hawakulalamika, kwa sababu duka lenye utaratibu humpa mnunuzi amani.

Sifa na sufuria

Wafuasi walipoongezeka, kilikuja kishawishi cha mwisho. Watu waliandika ubuyu huu hauna mfano, na binti akaanza kuhesabu sifa kuliko makopo. Mtu akamtaka anunue wafuasi elfu kumi. Bibi alimkumbusha kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wafuasi wa kununuliwa hawali ubuyu. Mteja mmoja aliyeridhika, akamwambia dada yake, anazidi majina elfu yasiyo na mtu nyuma yake. Kwa hiyo binti alijibu maswali kwa adabu, alisema ukweli mzigo ulipochelewa, na aliandika bei wazi badala ya kumtaka kila mtu aiulize inboksi. Kila alipofanya hivyo, jina la ubuyu ule lilizidi kuaminika, na mlaghai alizidi kukosa pa kujificha, kwa sababu wateja walijua nyumba ile inaongeaje na inatakaje pesa yake.

Usalama na biashara, wanangu, ni kazi moja. Yule anayelinda mlango wa ndani ndiye anayeweza kukaribisha watu wengi nje bila hofu.

Leo, kabla hamjalala, fanyeni jambo moja pamoja na mtu mzima wa nyumbani. Chukueni simu ambayo haijaungana na ukurasa wenu, mtafute jina lenu kama vile hamjijui. Andikeni kwenye karatasi kila anachoweza kukijua mgeni: shule, mtaa, saa mnazotoka, sura za wadogo zenu. Kisha futeni kila kisichomsaidia mtu kununua, mkianza na kile ambacho msingependa akijue mtu msiyemjua.